Ng'onda Ndani ya Spageti

Kuhakiki kitabu cha rafiki ni shughuli. Unapima maneno, unasema "riwaya hii inamtaka msomaji awe mvumilivu" pale unapotaka kusema ilikulaza usingizi. Lakini mwandishi angalau hakai pembeni akikutazama unavyosoma. Mpishi anakaa. Kila nilipoinua uma jioni ile niliona kichwa chake kikichungulia kwenye kidirisha cha jikoni, kikirudi ndani, kikichungulia tena.

Rafiki yangu huyu tulisoma darasa moja. Akiwa na miaka 19 alianza kuosha sufuria kwenye jikoni la Mtaliano mmoja hapa Malindi, akapandishwa kukata vitunguu, kisha akasimama jikoni mwenyewe, na kwa zaidi ya miaka 20 amepika vyakula vilivyosifiwa kwa majina ya watu wengine. Mgeni akifurahi, aliyeitwa mezani kupewa mkono ni mwenye mkahawa. Mwezi uliopita amefungua wake. Meza nane, mtaa wa ndani, bahari huioni wala huisikii. Jina la mahali silitaji, maana sitaki haya yasomwe kama tangazo la biashara.

Kwa asiyeijua Malindi: Kiitaliano hapa si ugeni. Waitaliano walikuja miaka ya 1960 na mradi wao wa roketi wa San Marco kule Ngomeni. Ndiko iliporushwa Uhuru, Desemba 12, 1970, setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina hilo kwa sababu siku yenyewe ilikuwa ya uhuru wetu. Nyuma ya wanasayansi wakaja watalii, wakaja wenye mahoteli, na leo dereva wa tuktuk anaweza kukuamkia "ciao" kabla hajakuuliza waenda wapi.

Nilikwenda na shangazi yangu. Ana miaka 71, amepika harusi kuliko nilizohudhuria, na hajawahi kula mlo wa Kitaliano kwa mpangilio wake: kionjo, kisha pasta au wali, kisha samaki au nyama na mboga zake, kisha kitamu. Kwetu sinia hushuka mara moja. Wali, mchuzi, samaki, kachumbari, ndizi, vyote vipo mbele yako, na mkono wako ndio unaoamua kianze kipi. Mtaliano hakupi uhuru huo. Mpishi ndiye msimulizi, na wewe unangoja sura inayofuata.

Sura ya kwanza ilikuwa brusketa na saladi ya pweza na viazi. Brusketa sina neno: mkate umechomwa kwenye makaa, umesuguliwa thomu, nyanya zimeiva. Pweza ndiye aliyenifanya nikae sawa. Laini, lakini bado ana kitu cha kutafuna, ndimu yake haipigi kelele. Mtu aliyekulia mji ambao supu ya pweza huuzwa barabarani jioni hawezi kukosea hapo. Shangazi alimaliza, akafuta mdomo, akaniinamia: "Mwanangu, ndiyo hii tu? Biashara imemwendea vibaya?" Alikuwa ameshafungua mkoba amtafutie kitu cha kumsaidia.

Nikamwambia bado, shangazi, vyaja.

Ikaja risoto ya kamba, na hapa ndipo urafiki unapojaribiwa. Risoto haikuwa nzuri. Risoto sharti itiririke. Ukiinamisha sahani isogee taratibu kama wimbi dogo. Sisi Pwani wali tunausifu kwa kinyume chake: punje moja moja, usishikane. Rafiki yangu anajua kupika risoto, nimemla mara nyingi akipikia nyumbani, lakini hii alikuwa ameikausha. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Akasema wiki ya kwanza wateja wetu wa hapa walimrudishia sahani mbili wakidai ameleta uji. Basi akawa anapunguza supu kidogo, kidogo, mpaka akafika mahali ambapo si risoto na si wali. Shangazi alionja, akafikiri, akasema, "Hii ni bokoboko ya kamba." Aliimaliza, nikiri. Lakini bokoboko ya kweli hupondwa kwa makusudi; hii ilitokana na woga.

Kisha spageti ya ng'onda.

Kwenye menyu imeandikwa mwisho kabisa, herufi ndogo, kama mtu anayeomba radhi. Waitaliano wa Sardinia na Sisilia wana mayai ya samaki yaliyokaushwa kwa chumvi, bottarga, ambayo huparwa juu ya pasta. Kuagiza kitu hicho mpaka Malindi ni gharama ya kumfilisi mtu. Basi akachukua ng'onda ya sokoni, akailoweka, akaichoma kwenye makaa, akaichambua nyuzi nyuzi, akaitia kwenye mafuta ya zeituni na thomu na pilipili kavu. Juu yake akanyunyiza mkate mkavu uliosagwa na kukaangwa, jinsi wanavyofanya wanyonge wa kusini mwa Italia ambao jibini ilikuwa ghali kwao. Basi. Spageti yenyewe imetolewa mapema, bado ina ugumu kidogo katikati, chumvi yote imetoka kwa samaki. Harufu ilifika kabla ya sahani. Watu wa meza ya pili waligeuka.

Shangazi hakusema kitu. Alikula nusu nzima kimya, ndipo akauliza, "Nani kamfundisha mtoto huyu kula ng'onda hivi?" Niliomba jibini, akili ya kitalii ikanishika. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi: mpishi amekataa, samaki hawekewi jibini. Nilifurahi sana kunyimwa.

Nimewaza tangu siku ile kuhusu hilo neno "halisi" analoliogopa. Mwaka 1891 kule Florence, Pellegrino Artusi, mfanyabiashara wa hariri mstaafu, alichapisha kwa fedha zake kitabu cha mapishi ya Italia, nchi ambayo ilikuwa na umri wa miaka 30 tu tangu iunganishwe. Toleo la kwanza lilikuwa na mapishi 475. Wasomaji wakaanza kumwandikia barua, kila mmoja na sufuria ya kwao, na hadi toleo la mwaka 1911 yalikuwa 790. Hicho ndicho kinachoitwa cha asili: mkusanyiko uliokuwa ukiongezwa. Na waliosimama jikoni kwa Artusi wakiyajaribu mapishi hayo walikuwa watumishi wake wawili, Marietta Sabatini na Francesco Ruffilli. Alipokufa aliwaachia haki za kitabu. Rafiki yangu, kwa miaka 20 na ushee, ameondoka kila jikoni na aproni tu.

Samaki aliyefuata alikuwa changu wa kuchoma na mchicha. Changu wa Malindi akiwa wa leo hahitaji mhakiki. Nipite.

Menyu, hata hivyo, inahitaji mhariri. Vyakula 41 kwa meza nane! Ndani yake kuna karbonara, na jikoni kwake haingii nguruwe wala mvinyo, kwa hiyo shavu la nguruwe linalobeba chakula hicho limebadilishwa na vipande vya ng'ombe mkavu. Nilionja. Si kibaya, ila kila tonge linakukumbusha kitu ambacho hakipo. Ng'onda haikukumbushi kitu kingine.

Tukamalizia kwa tiramisu. Kahawa kali, malai nzito, sawa tu. Utaipata ya namna hiyo popote ufukweni. Nami nikabaki najiuliza tambi ziko wapi. Tambi za sukari, za nazi na iliki, ndiyo pasta ya kwanza sisi sote kuijua, kwenye futari, kabla hatujasikia neno pasta. Huyu bwana anazijua pasta za nchi mbili, na hii moja ameiacha nyumbani kwa mamake. Nilimwambia. Akanijibu, "Wazungu watanicheka, kaka."

Bili hakuleta. Ilibidi niifuate mpaka jikoni, tukavutana mikono mbele ya wapishi, mwishowe akakubali shilingi 5,400. Shangazi aliomba spageti iliyobaki afungiwe kwenye foili.

Haya yote nimemsomea kwa simu kabla sijayatoa. Kwenye risoto alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kwenye tambi akaniambia niache kumfundisha kazi. Kisha akauliza kama ni kweli shangazi alikula ile nusu bila kusema kitu, na nusu ya pili aliila lini, ya moto au baridi.