Machozi Yasiyo na Sura

Mtu aliyeondoka Zanzibar akiwa na miezi minne atakumbuka nini? Lubaina Himid alizaliwa huko mwaka 1954. Baba yake alipofariki, mama yake, Mwingereza, alirudi naye kwao. Hakuiona tena Zanzibar hadi mwaka 1997.

Safari hiyo ilizaa mfululizo wa michoro aliouita Zanzibar. Hamna bibi aliyejitanda kanga. Mna rangi, mistari na matone. Jina la mchoro mmoja, wa mwaka 1999, lasema machozi ya wanawake yanaijaza bahari. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: hamu ile si kumbukumbu ya mchoraji, ni urithi wa wanawake waliolia mbele yake. Hawana sura, lakini wamo.

Kanga alizozichora kwa maonyesho ya Gateshead mwaka 2018 zilitukwaza. Zina pindo na mji, lakini majina yake ni ya Kiingereza, maneno ya washairi kama James Baldwin. Tulinung'unika: kanga gani hii isiyosema Kiswahili?

Kisha tukajitazama. Hapa Silver Spring makabati yetu yamejaa kanga. Mabinti zetu hujifunga, lakini ni wangapi wanaoweza kusoma jina lake? Himid aliondolewa kwao na msiba, kabla hajajua kusema. Wetu tumewalea wenyewe, na Kiswahili tunacho. Lawama tulizomtupia mchoraji, basi, ni zetu.