Fungua Doti Kabla ya Kuuliza Bei

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, na tena Desemba Krismasi inapokaribia, Mtaa wa Uhuru na Mtaa wa Kongo pale Kariakoo haipitiki. Watu wanasukumana, vipaza sauti vinataja bei, na kila anayefika kwenye duka la kanga anaanza na swali lile lile: shilingi ngapi? Hapo ndipo mnunuzi anapopoteza, hata kama atapunguziwa. Doti bado imekunjwa, pengine haijatolewa kwenye mfuko wake, inaonyesha kipande cha mji na kona ya pindo, na tayari watu wanavutana kwa elfu moja, elfu mbili. Kitu ambacho hujakiona huwezi kusema ni ghali wala rahisi. Kwa msimu wowote wa sikukuu ninashauri hivi: fungua doti kwanza, yote, vipande vyote viwili, ndipo uulize bei.

Muuzaji mzuri hakasiriki. Mwambie, "Mwanangu, nifungulie niione," na akijibu, "Karibu mama, tazama," ukae hapo. Akianza kusema kanga zote ni sawa, kwamba foleni ni ndefu, kwamba ikifunguliwa lazima inunuliwe, mshukuru uende duka la pili. Mtaa mzima unauza kanga.

Anza na mkono. Kanga mpya huwa ngumu kwa sababu imetiwa wanga kiwandani, na ugumu huo unadanganya wengi: mtu anaishika, anaona ni nzito, analipa. Ikishafuliwa mara ya kwanza wanga unakwenda na maji, na kinachobaki ni kitambaa chepesi kama shashi, kisichosetiri hata ukikivaa juu ya gauni. Kwa hiyo shika kona moja, uifikiche kwa nguvu baina ya viganja, usione haya. Wanga ukiwa mwingi utaona vumbi jeupe vidoleni, na pale ulipofikicha pamelegea kuliko kwingine kote. Pale palipolegea ndipo penye kanga yenyewe, ile utakayoishi nayo. Kama bado ina mwili, bado imejaa mkononi, hiyo ni nzito kweli. Kisha inyanyue ielekee mwanga. Nyuzi za kitambaa kizuri zimebanana na zimelingana. Kibaya utakiona kina vitundu, na mistari pale uzi ulipokosekana au ulipovimba.

Pamba na poliesta hutofautishwa kwa moto: chomoa uzi mmoja ukingoni, uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Lakini jaribio hilo lifanyie nyumbani, kwa doti moja ya kuonjea kabla hujanunua nyingi. Mtu awashe kiberiti katikati ya marobota ya nguo, katika eneo ambalo Soko Kuu lake liliungua Julai 2021? Hapana. Dukani inatosha kuikunja ngumi na kuiachia. Mahali palipokwisha kufikichwa wanga ukatoka, pamba hubaki na mikunjo, na poliesta hujinyoosha.

Baada ya kitambaa, chapa, na hapa ndipo ninapopenda kukawia, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Kanga ina pindo linalozunguka pande nne, mji katikati, na jina lililoandikwa juu ya pindo la chini. Kila rangi huchapwa peke yake, moja baada ya nyingine, na zote lazima zikutane mahali pake. Fundi akizembea, rangi inahama. Tafuta ua au korosho moja kwenye pindo, uiinamie kwa karibu, ufuate ukingo wake kwa kidole. Kwenye chapa safi, nyekundu inaishia pale mstari mweusi unapoanzia. Kwenye chapa ya haraka utaona uzi mweupe umebaki baina ya rangi mbili, au nyekundu imevuka mstari na kuingia kwenye njano ikafanya doa la kahawia. Soma na jina, herufi kwa herufi. Herufi zenye kingo zilizochanika, matundu ya "o" na "a" yaliyozibwa na wino, jina lililosogea upande mmoja wa kanga: kanga ya namna hiyo iliharakishwa, na aliyeiharakisha kwenye maandishi hakuwa mwangalifu kwenye rangi.

Kisha geuza. Upande wa ndani wa kanga nzuri hautalingana na wa nje, lakini rangi iwe imepenya, uweze kusoma jina kinyume bila kukaza macho. Rangi iliyokaa juu juu tu itachujuka upesi. Waliozoea kitenge cha nta, ambacho huchapwa pande zote mbili, wasitegemee kanga iwe hivyo. Kila kitambaa kina kipimo chake.

Rangi kutoka ni ugonjwa mkubwa zaidi, na hauonekani kwa macho. Beba leso nyeupe na chupa ya maji. Lowesha ncha ya leso, sugua mahali penye rangi nzito zaidi, mara kadhaa. Alama hafifu kwenye kanga mpya ni jambo la kawaida. Leso ikigeuka nyekundu, iache. Kwa kisutu usilegeze hata kidogo: ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ni kanga ya bibi harusi. Nyekundu ikiingia kwenye nyeupe siku ya kwanza ya kufuliwa, hakuna wa kuirudisha.

Maduka mengi wakati wa sikukuu hufunguliwa hadi usiku, watu wakitoka tarawehe wanapita. Ni raha, na kuna ubaridi. Lakini mwanga wa taa hubadili rangi: zambarau na buluu nzito hufanana, na hudhurungi huonekana nyeusi. Kama unatafuta rangi ya kulingana na nguo nyingine, nenda mchana na uitazamie mlangoni.

Kipimo nacho kina hila zake. Kanga ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110, na doti ni kanga mbili ambazo hazijakatwa. Pima kwa mwili wako: izungushe kiunoni uone kama inapandana vya kutosha kwa mtu anayetembea na kuinama. Tazama na nafasi iliyoachwa baina ya vipande viwili, kama mkasi utapita bila kula pindo. Usiridhike na kipande cha juu. Mara nyingi kipande cha pili ndicho chenye doa la mafuta au pindo lililopinda.

Alama ya mwenye kanga ina thamani yake. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887 na inayojulikana kwa jina la Mali ya Abdulla, imeheshimika pwani yote kwa kanga zake, na wako wanaokumbuka kwa mapenzi kanga za kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968. Hata hivyo alama ni chapa tu, nayo huigwa kirahisi kuliko kitambaa. Isome, uifurahie, halafu ufikiche kona vile vile.

Kwa sare ya sikukuu au ya shughuli, hesabu watu mapema na ununue doti zote kwa mara moja, kutoka mzigo mmoja. Mzigo wa wiki ijayo unaweza kuwa na jina lile lile na njano nyingine, na kwenye picha ya pamoja tofauti hiyo itaonekana. Hapo pia ndipo winga anapojitokeza. Kijana mchangamfu anakupokea barabarani, anakuambia ana duka la jumla, anakupitisha vichochoroni hadi kwenye duka lisilo lake, na bei unayotajiwa ina cha juu chake. Wengi wao ni watafutaji riziki wanaoijua Kariakoo kuliko mimi na wewe, na wanaweza kukuokolea mguu. Ila pesa mpe mwenye duka, ukiwa ndani ya duka, kanga zikiwa mbele yako. Ukiambiwa, "Nipe hela dada, nikuletee, subiri hapa," kataa kwa upole.

Mkoba uwe kifuani, na nauli iwe mbali na pesa za manunuzi. Ukilipa kwa simu, usiingize namba ya siri mpaka jina la duka litokee kwenye kioo na uhakikishe ndilo. Yule anayetuma ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" anajua kwamba siku za sikukuu watu wengi wana malipo wanayosubiriwa kuyatuma. Ukiupata, mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo. Dai risiti ya mashine ya EFD, na uliza kabla ya kulipa kama bidhaa ikiwa na kasoro inarudishwa, kwa sababu risiti nyingi zimeandikwa kwamba hairudishwi.

Kwa anayeuza mtandaoni, picha ya mbele haitoshi kabisa. Mwombe video fupi: ageuze kanga, akunje ngumi, ainyanyue kwenye mwanga. Mwenye mzigo mikononi haimchukui dakika mbili. Asiyeweza pengine ana picha tu, na huyo mlipe kanga ikifika kwa bodaboda na ukishaifungua mlangoni.

Usisubiri mkesha wa sikukuu kuifua kanga mpya. Kanga ya siku ya Idi inunuliwe mapema ipate kukatwa, kupindwa na kulowekwa maji baridi peke yake, bila nguo nyingine. Wengi hutia chumvi. Haidhuru, ila rangi isiyoshika chumvi haiiokoi. Anika kivulini. Kama umenunua doti kadhaa za sare, fua moja kabla hujazikata nyingine. Maji yakibadilika kuwa mekundu, rudi dukani siku hiyo hiyo na ile iliyolowa, zile kavu zikiwa bado hazijakatwa, na risiti mkononi.