Nani Kamwambia? Mwongozo wa Kuhukumu Pambano la Liongo na Biriir

Wa kulaumiwa si yule kijana aliyesimama barazani Kisimayu na kutangaza kwamba Fumo Liongo angemrusha Biriir ina Barqo baharini kwa mkono mmoja. Kijana ni kijana. Wa kulaumiwa ni watu wazima waliompigia makofi. Alichosema ni hiki tu: Liongo alikuwa pande la mtu, alikuwa na nguvu, hakuna aliyemweza, basi. Simu zikarekodi, video ikatumwa Mombasa, kutoka Mombasa ikafika Uingereza waliko jamaa, na huko nako ikasifiwa kuwa ndio ubishi wa kikwetu. Ubishi wa kikwetu haukuwa hivyo. Biriir naye ni jitu. Ukimwambia mtu kwamba jitu litalishinda jitu kwa sababu ni jitu, hujamwambia kitu.

Pwani hii ina haki ya kudai ubishi bora, maana hapa ndipo mashujaa hao wawili wanapokutana. Liongo alitoka kusini, Pate na Shanga na Ozi, akapanda na vyombo vya matanga katika nyimbo za gungu na hadithi za bibi. Biriir alitoka bara, katika vinywa vya Wasomali walioshuka mjini na mifugo yao. Mtoto wa visiwa vya Wabajuni vya Chula, Chovai, Koyama au Ngumi aliyepelekwa Kisimayu aliwasikia wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Hadi mwaka 1925 Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya. Kisha ikakabidhiwa Italia, na Mbajuni wa Kisimayu akajikuta katika dola moja, binamu yake wa Faza katika dola nyingine. Hadithi zilikuwa zimeshavuka zamani.

Jambo la kwanza la kusikiliza ni kama mtetezi anataja kauli. Liongo yupi? Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeuandika utendi wake mwaka 1913, ana Liongo aliyeonewa: sultani wa Pate anahofia kiti chake na kumtega tena na tena. Lakini katika hadithi alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, Liongo ni mwenye nguvu anayewaudhi watu wa mji mpaka wanakula njama ya kumfunga. Tofauti hiyo inageuza pambano zima. Biriir wa Wasomali ni jitu la haki, mkaaji wa pango la Shimbiraale, mvaaji wa pete kubwa ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuinyanyua. Alipopata habari za Xabbad ina Kamas, jitu lililowatawala watu kwa dhuluma, alimwendea, wakapigana, akamuua. Basi anayemleta Liongo wa Unguja uwanjani ameleta Xabbad wa pili, na amemkabidhi Biriir ushindi kabla ya mshale wa kwanza. Anayemleta Liongo wa Lamu ameleta mtu aliyedhulumiwa, na hapo Biriir hana sababu ya kumgusa; mtetezi hana budi kueleza ugomvi umetoka wapi. Fundi huanza na ugomvi huo. Asiyejua kwa nini watu wawili wanapigana hawezi kukuambia watapigana vipi.

Kuhusu nguvu, fundi hasemi "alikuwa na nguvu sana". Anaweka mkoba juu ya mkeka. Mkoba wa Liongo ulikuwa na kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga, na mwenyewe alikuwa akisafiri nao begani kama mwingine anavyobeba mfuko wa tambuu. Upande wa pili anaweka pete ya Biriir. Hapo pana kitu cha kupima: mzigo unaobebwa kwa safari nzima, na uzito unaokaa kwenye kidole kimoja. Mkoba unathibitisha pumzi na mgongo. Pete inathibitisha mkono. Wanaopima shujaa kwa urefu wa kaburi, wakikutajia lile la karibu na Kipini linaloitwa la Liongo, waachwe wamalize na wasijibiwe.

Lakini liko jambo moja ambalo wanaojifunza hulikosa daima, nalo ndilo linalomtenga fundi na mpayukaji. Ni kitovu.

Kila mtu anajua kwamba Liongo hakufa kwa upanga wala mkuki. Kilichomuua ni sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Kwa hiyo kila mtetezi mchanga wa Biriir hufanya vilevile: anamwacha Liongo atambe, ang'oe miti, apige kelele, kisha Biriir anachomoa sindano ya shaba na mambo yamekwisha. Wasikilizaji hushangilia kwa sababu sindano wanaikumbuka tangu utotoni. Hapo ndipo mwamuzi anayeijua kazi yake anapoinua mkono na kuuliza: nani kamwambia?

Utazamwe utendi unavyokwenda. Sultani amejaribu kila njia. Amewatuma wawindaji Wasanye na Wadahalo, amemtia Liongo gerezani, amemfunga minyororo, na Liongo ametoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, akikata chuma huku gungu likipigwa nje kwa kelele. Katika muda wote huo hakuna adui hata mmoja aliyejua pa kumchoma. Wala hakuna aliyebahatisha. Ilibidi sultani amnunue mwana wa Liongo mwenyewe, kwa ahadi ya kuozwa binti wa kifalme, ili mtoto akamwulize babake ni kitu gani kinachoweza kumdhuru. Siri ikatoka kwa baba kwenda kwa mwana. Na hata baada ya kuijua, mtoto hakuthubutu kumkabili babake akiwa macho. Alingoja mpaka amelala usingizi mzito.

Masharti ya kifo hicho ni manne, na waongo hukumbuka mawili tu. Shaba wanaikumbuka. Kitovu wanakikumbuka. Wanasahau kwamba aliyechoma ni mtu wa damu yake, aliyeruhusiwa kuingia chumbani bila kushukiwa, na wanasahau usingizi. Katika pambano la ana kwa ana masharti hayo mawili ya mwisho hayapo. Biriir hajui kwamba Liongo ana siri. Hata angejua, hajui ni kitovu. Hata angejua ni kitovu, mbele yake yuko mtu aliyesimama, aliye macho, mwenye uta mkononi. Sindano inamfaa nini?

Na si Liongo peke yake. Wajerumani wana Siegfried, aliyeoga damu ya joka akawa hapenyeki ila pale jani lilipomwangukia katikati ya mabega. Adui yake Hagen hakupagundua mahali hapo kwa ujuzi wake, alionyeshwa na Kriemhild, mke wa Siegfried mwenyewe, aliyedhani anamlinda mumewe. Waajemi katika Shahnama ya Firdausi wana Isfandiyar, ambaye udhaifu wake ulikuwa machoni. Rustam alipigana naye akashindwa kumwumiza, mpaka ndege Simurgh akamfundisha mshale gani wa kutumia na aulenge wapi. Kisigino cha Achilles, ambacho vijana wenye kusoma hupenda kukitaja, hakimo kwa Homer kabisa. Kiliingizwa na washairi waliokuja baada yake. Popote duniani siri ya shujaa hutolewa na mtu au kiumbe kilichoijua, haiokotwi na mgeni katikati ya vumbi la vita. Kwa hiyo mtetezi anayetaka sindano ni lazima alete na msaliti, amtaje, na aeleze msaliti huyo amefikaje kwa Biriir. Akifanya hivyo ametunga hadithi mpya, na hadithi mpya huhukumiwa kwa kanuni nyingine. Asipofanya hivyo amedanganya.

Palikuwa na mzee wa Koyama, fundi wa kushona tanga, aliyependa kumtetea Biriir mbele ya watu waliomtaka Liongo, na hakuigusa sindano maisha yake yote. Hoja yake ilikuwa nzito zaidi. Alikuwa akiwauliza: nitajieni shujaa mmoja wa kimo cha Liongo ambaye Liongo alipigana naye. Watu wakaanza kwa mbwembwe, kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Maana ni kweli. Pitia beti zote za Kijumwa: kuna mitego, kuna gereza, kuna njama, kuna usaliti, lakini pambano la jabari na jabari hutalikuta. Liongo anaogopwa, hapambanishwi. Biriir kwa upande wake sifa yake kubwa ni hiyo hiyo moja, kumwendea jitu mwenzake na kumshinda. Kwa ushahidi wa kushikana mwili kwa mwili, Biriir anao na Liongo hana. Hiyo ndiyo hoja iliyostahili kurekodiwa na kutumwa Uingereza.

Jibu lake pia lipo, na waliokuwa wakilitoa ni wachache. Ni kikoa. Wasanye na Wadahalo walipoahidiwa malipo ya kumuua Liongo, walimwalika wale makoma kwa zamu, kila siku mmoja apande mkoma na kuwaangushia wenzake, wakakubaliana kwamba zamu ya Liongo ikifika watampiga mishale akiwa juu. Zamu ilipofika, Liongo hakupanda. Alivuta uta akayaangusha makoma kutoka chini. Mtetezi mwerevu anaitoa humo hoja tatu kwa mpigo: Liongo huisoma nia ya adui kabla haijawa tendo, hakubali kupigana mahali palipochaguliwa na mwenzake, na mshale wake unalenga kikonyo cha tunda lililo juu ya mti. Akiongeza kwamba utendi unamtembeza mwendo wa siku nne kwa siku moja, amekwisha kumweka Biriir katika matatizo makubwa, kwa sababu jitu la pango lisiloweza kumfikia adui halina faida ya pete yake.

Uwanja usemwe mapema na usibadilishwe. Mchanga, mchana, bila farasi. Usiku haukubaliki. Bunduki hazikubaliki, hata kwa wale wanaojitetea kwamba wanahistoria wengine wanamweka Liongo hadi karne ya 17, wakati Mreno alikwisha fika pwani; Liongo ni mtu wa mata na uta, na anayempa bunduki amemnyang'anya jina. Majini na hirizi ambazo hazimo katika kauli yoyote ni kutia chumvi. Mdanganyifu mbaya kuliko wote ni yule anayeanza na Liongo wa Lamu ili watu wamhurumie, kisha akifika vitani anageukia Liongo wa Unguja ili watu wamwogope. Huyo asipewe zamu ya pili.

Adabu nayo ni sehemu ya ubora. Masahaba hawaletwi uwanjani. Pwani ina tendi kubwa za vita vya Kiislamu, kuanzia ule wa Tambuka aliouandika Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, na waliomo humo hawapambanishwi na majitu ya hadithi, hata kwa kushinda ubishi. Mwarabu pekee anayefaa kusimama mbele ya Liongo ni Antara bin Shaddad: mshairi kwa mshairi, naye pia mtu aliyenyimwa haki ya nasaba yake. Hata vifo vyao vinafanana. Kisa cha Antara kinasema alikufa juu ya farasi wake, ameegemea mkuki, na adui hawakuthubutu kumkaribia. Liongo alipiga goti penye kisima na uta wake mkononi, na watu wakakaa bila maji kwa kuogopa maiti. Kati ya hao wawili hakuna mshindi, na anayedai yupo hajasoma upande mmoja.

Zamani ubishi wa namna hii ulikuwa na wakati wake. Kusi likivuma na bahari ikichafuka, vyombo vilivutwa pwani, na jioni zilikuwa ndefu. Msikilizaji alikuwa anajua kauli zote mbili, kwa hiyo mtetezi hakuweza kumghilibu. Vita vya Somalia vya 1991 vilivunja mkusanyiko huo. Wabajuni wengi walikimbia kwa bahari hadi Kenya, wakakaa makambi ya Mombasa kama Jomvu na Swaleh Nguru, na kutoka hapo wakatawanyika hadi Ulaya. Waliorudi visiwani ni wachache kuliko waliotoka. Leo kijana wa Kisimayu anaweza kumjua Biriir bila kumjua Kijumwa, na binamu yake aliyezaliwa Mombasa anamjua Liongo lakini hajawahi kusikia jina la Shimbiraale. Ndiyo maana kelele inashinda: hakuna mtu upande wa pili mwenye cha kumsahihisha anayepayuka. Wazee waliosikia hadithi zote mbili bado wapo, Kisimayu na Mombasa, na simu zile zile zinazorekodi makofi zinaweza kuwarekodi wao.

Hukumu yenyewe, kwa anayeitaka, ni hii. Kwa kauli ya Lamu, mchana, mchangani, wakianza wakiwa mbali, Liongo anashinda kwa mishale kabla Biriir hajamgusa. Wakianza mlangoni pa pango, au Biriir akipata nafasi ya kumshika, Biriir anashinda, kwa sababu hakuna kauli inayoonyesha Liongo akijinasua mikononi mwa mtu wa kimo chake. Anayepinga alete kauli yake na amtaje aliyemsimulia.