Nusu ya fangasi ilipita kimya: kusoma utafiti wa Seattle nikiwa Same

Fungua gunia la mahindi yaliyoingia unyevu, uwe Same mjini au juu Mamba, utakuta ukungu wa kijani. Mara nyingi humo yumo Aspergillus. Wewe na mimi tunavuta spora zake kila siku wala hatuugui, kwa sababu chembe nyeupe za damu zinazimaliza mapafuni. Mgonjwa wa saratani ya damu aliyetoka kwenye dawa kali anakuwa hana askari hao wa kutosha. Kwake yeye, pumzi ya kawaida inaweza kuwa hatari.

Ndiyo maana nilikaa chini na kazi ya Joshua Hill na wenzake wa Seattle, Marekani, iliyotoka mwaka 2021 katika jarida la Clinical Infectious Diseases. Walichukua plazma ya wagonjwa 114 waliopandikizwa uboho na kupata nimonia, wakasoma vipande vya DNA vinavyoelea humo. Kompyuta inaweka kando DNA ya binadamu, halafu inayobaki inalinganishwa na maktaba ya vijidudu. Hakuna kukata kipande cha pafu. Kwa mtu ambaye damu yake haigandi vizuri, hilo si jambo dogo.

Sasa twende kwenye namba. Wagonjwa 75 walikuwa na ukungu mapafuni, kwa uhakika au kwa dalili nzito. Kipimo kiliwaona 38. Nusu tu! Na ukichambua zaidi, kwa ukungu wa aina nyingine kilifikia 79%, lakini kwa Aspergillus, ambaye ndiye anayewapata zaidi wagonjwa hawa, kiliishia 31%. Kengele za uongo zilikuwa chache sana. Kwa hiyo kikisema "yupo", mwamini. Kikisema "hayupo", usimruhusu mgonjwa aende nyumbani.

Waandishi hawakuficha hilo, na wanashauri kipimo kitumike pamoja na galaktomanani, kile kinachotafuta sukari ya ukuta wa Aspergillus. Shida ni sisi tunaosambaza habari kwenye magrupu kwamba "damu kidogo tu, fangasi wote wanajulikana".

Lawama yangu kwa utafiti wenyewe ni nyingine. Plazma ilikuwa imehifadhiwa tayari, ya wagonjwa ambao majibu yao yalishajulikana kwa njia za kawaida. Hautuambii kama jibu lingefika mapema kiasi cha kubadilisha dawa. Na kwetu swali ni hilohilo. Kutoka Same hadi KCMC, Moshi, ni kama kilomita 100, na mgonjwa anapofika, homa imeshapewa jina. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 hadi 2008 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa: 528 waliambiwa ni malaria, waliokuwa nayo kweli ni 14. Fangasi kwenye damu walikutwa kwa 25. Haukuwa utafiti wa saratani, lakini unaonyesha njia ambayo mgonjwa wa saratani naye anapita.

Mtu atasema hatuna mashine. Si kweli. KCRI, hapohapo Moshi, wamekuwa wakisoma jenomu za bakteria kwa miaka. Kinachokosekana ni vya kabla na vya baada. Kabla: daktari kushuku fangasi, CT ya kifua, galaktomanani. Baada: dawa sahihi, maana flukonazoli tuliyoizoea haimgusi Aspergillus, anahitaji vorikonazoli.

Kwa hiyo kama unaandika pendekezo la utafiti wa shahada kuhusu mada hii, usianze na mashine. Anza na mgonjwa mwenye homa anayepanda basi Same asubuhi, uhesabu siku hadi apate kidonge kinachofaa. Kama usomaji wa vinasaba unapunguza siku hizo, nitakuwa wa kwanza kuusifia.