Kinywaji Kisicho na Lebo

Mtu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, akitaka kusafiri kwenda Entebbe, Dubai au Brussels, habari zake humtangulia mtaani. Kabla hajafunga sanduku, kaka wa mkewe amekwisha kupita, mkubwa wake wa kazi amepiga simu, na shemeji ambaye hawajasalimiana tangu Pasaka amekumbuka undugu. Wote wanataka chupa. Tena si chupa yoyote: iwe ya miaka 12, ikiwezekana 18, iwe na boksi lake, na ndani ya boksi iwemo risiti ya duka la uwanja wa ndege, maana risiti hiyo ndiyo cheti chake cha ubatizo. Whisky ya jina lile lile iliyonunuliwa kwenye depo ya hapa mjini haipati heshima hiyo mbele ya wageni.

Hofu yao ya kuuziwa bandia ina sababu. Wapo watu wanaozunguka kwenye nganda, yaani baa, na hoteli wakinunua chupa tupu za whisky, na sidhani wanakwenda kuzitilia mafuta ya taa. Mnunuzi mzoefu hutazama kizibo kwanza, kisha namba ndogo zilizopigwa kwenye kioo, halafu huinua chupa juani aone kama kinywaji kimefika usawa ule ule wa chupa ya jirani. Mwingine huigeuza kichwa chini na kufuatilia mapovu. Kwa kununua, tumekuwa mafundi kweli. Huo ujuzi wa jicho, hata robo yake, sijaona ukielekezwa kwa wale wanaotengeneza kinywaji nyuma ya nyumba zetu wenyewe.

Namfahamu mama mmoja wa hapa mjini anayepika kaikpo, kinywaji kikali cha hapa kwetu. Alitoka upande wa Djugu vita vilipoanza tena mwishoni mwa mwaka 2017, akaja na watoto, godoro, na kipande cha bomba la shaba alichokifunga ndani ya kitenge kama mtu anayeficha pesa. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kuvumiliwa tu. Mkuu akibadilika, katazo nalo hutangazwa upya. Lakini kama kuna fundi katika mji huu ambaye ningependa vijana wakae karibu naye siku nzima wasishike simu, ni yeye.

Cha kwanza unachokiona kwake ni udogo wa moto. Mgeni hudhani umezimika. Wapikaji wengine huchochea kuni mpaka pipa linaguruma, mvuke unatoka kwa nguvu, na kidumu kinajaa kabla ya adhuhuri. Mama huyu kazi yake kubwa ni kuondoa kuni. Huvuta kipande hiki, husogeza kile, kisha huweka kiganja juu ya bomba na kukipandisha polepole kuelekea kwenye karai la maji, akitafuta mahali joto lilipofika. Kwenye viungo vya bomba amepaka ugali wa mihogo, na ugali ukianza kupasuka anaubandika tena kwa kidole kilicholowa bila kuangalia. Nilimuuliza kwa nini asiongeze moto amalize mapema. "Papa, hii haitaki mbio," akanijibu. "Ukiifukuza, inakuja na maji yake yote."

Tone la kwanza likidondoka halifurahii. Analikinga kwenye kikopo cha bati chenye masizi, pamoja na mengine yanayolifuata, mpaka harufu kali ya kuchoma pua ipungue. Kikopo hicho hawauzii watu.

"Mama, hii yote unaitupa?"

"Hii ni ya kuwashia moto. Haiko ya kunywa."

Halafu huja katikati, na hapo ndipo utamwona akinyamaza. Hupokea matone machache kiganjani, husugua viganja viwili mpaka ukali wote uruke, kisha huvipeleka puani. Anachonusa si ulevi, ulevi umekwisha kwenda. Anatafuta kilichobaki: mahindi yaliyooteshwa vizuri, mihogo iliyochachuka bila kuoza. Siku moja alinipa viganja vyake ninuse, nikapata harufu ya mahindi mabichi yaliyochomwa jioni, nikamkumbuka bibi yangu ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Whisky nyingi nilizomiminiwa katika nyumba za watu wenye magari hazijawahi kunipeleka mahali popote.

Mwisho wake ndio unaowashangaza majirani. Bomba bado linadondosha, pipa bado lina moto, naye anaondoa chombo. Amesikia harufu ya boksi lililolowa, basi imetosha. Yale yanayoendelea kutoka atayarudisha kwenye pipa la safari ijayo. Kila kikombe anachokiacha ni franga, naye ana watoto wa kulisha. Jirani yake mmoja hupika bila kuondoa kichwa wala mkia, yaani matone ya mwanzo na ya mwisho, huuza vyote, na huuza haraka.

Kuna wanunuzi wanaojiona wajanja. Humwaga kidogo mezani, huwasha kiberiti, na wakiona mwali wa buluu hutikisa kichwa kwamba kitu ni safi. Mwali unaonyesha nguvu tu, hauonyeshi sumu. Pombe ya methanoli nayo inawaka, tena mwali wake ni mgumu kuonekana mchana. Mwaka 2010 huko Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, makumi ya watu walikufa kwa kinywaji chenye methanoli. Mama yule hajasoma kemia, na kikopo chake cha bati hakiwezi kuondoa methanoli yote, lakini kina busara kuliko kiberiti cha mnunuzi.

Sisemi kaikpo ni maziwa. Nimezika watu, na nyumba zilizovunjika kwa kidumu nazijua kwa majina. Ila nyumba zilizovunjika kwa chupa zenye boksi nazo zipo, na hizo hatuzitaji mikutanoni.

Nchi hii ya kwetu imeona zamani sana kinywaji cha kifahari kikisafirishwa. Tarehe 29 Aprili 1888, chini kule kwenye ufuko wa Ziwa Albert, mwendo wa saa chache kutoka Bunia ya leo, mpelelezi Stanley alikutana na Emin Pasha, gavana wa Equatoria, ambaye ilisemekana Stanley amekuja kumwokoa. Usiku ule zilifunguliwa chupa ndogo tano za shampeni, zawadi ya mfanyabiashara Mholanzi aitwaye Greshoff wa Stanley Pool, wakainywea afya ya Pasha na ya Kapteni Casati. Stanley mwenyewe aliandika habari hiyo. Chupa hizo zilikuwa zimekaa njiani mwaka mzima, zikapita msitu wa Ituri, ambako wapagazi, wengi wao kati ya wale zaidi ya 600 walioandikwa kazi Unguja, walikuwa wakila uyoga na mizizi na kuanguka mmoja mmoja. Mizigo mingi iliachwa njiani. Shampeni ilifika.

Na huko ziwani, kwa chifu Kavalli, walibaki askari wa Emin kutoka Sudan chini ya Selim Bey, hadi Mwingereza Lugard alipokuja kuwachukua mwaka 1891. Husimuliwa Uganda kwamba askari wa jamii hiyo ndio walioeneza ujuzi wa kugeuza pombe ya nafaka au ndizi kuwa kinywaji kikali. Kama ni hivyo, basi bwana mkubwa alikuwa akinywa cha kuletwa kutoka Ufaransa huku watu wake mwenyewe wakijua kuchemsha cha kwao.

Miaka miwili baada ya shampeni ile, mwaka 1890, mataifa makubwa yaliketi Brussels yakakubaliana kwamba katika ukanda wa Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, pale ambapo vileo vikali havijazoeleka, visiingizwe wala visitengenezwe. Waliachiwa kiasi kidogo watu wasio wenyeji. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakaza kamba. Kwa hiyo ufundi huu uliishi kwa kujificha: mtoni, migombani, usiku, mtoto akiwekwa njiani kuangalia askari. Kinachopikwa kwa kujificha hakiandikwi. Hakuna daftari, hakuna jina, hakuna shule. Kuna binti anayekaa karibu na mama yake.

Sasa turudi kwenye chupa ile ya Entebbe. Huko Uskochi, mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwepo mke wa mkulima aitwaye Helen Cumming, wa Cardhu. Alipika whisky bila leseni, akaiuza kupitia dirisha la nyumba yake. Watoza ushuru walipokuja kukagua, alijipaka unga akajifanya anaoka mikate, akawakaribisha chai, na nyuma ya nyumba akapandisha bendera nyekundu kuwaonya majirani wafiche vyombo vyao. Sheria ilibadilishwa mwaka 1823, na mwaka uliofuata mumewe akapata leseni. Mwaka 1893 mkwe wake, Elizabeth, aliiuza Cardhu kwa kampuni ya Johnnie Walker, ile ile ambayo chupa zake zimepangwa nyuma ya kaunta za hoteli zetu. Kwa maneno mengine, yule mkubwa wa kazi anayempigia simu msafiri anaomba kazi ya mama aliyepika kwa kificho na kuwahadaa watoza ushuru. Tofauti ni kwamba kazi ya yule wa Uskochi ilipewa leseni yeye akiwa bado hai.

Hata Uganda, jirani yetu, walijaribu. Sheria yao ya miaka ya 1960 kuhusu enguli, kinywaji chao kikali cha kienyeji, iliwataka wapikaji wa vijijini wawe na leseni na wauze kiwandani, na huko ikasafishwa ikatiwa chupani: Uganda Waragi. Watu wetu hupita nayo mpakani Mahagi wakiishika kwa fahari, ilhali ni ndugu wa damu wa kaikpo. Mexico walikwenda mbele zaidi. Tangu mwaka 1994 jina la mezcal linalindwa kisheria, na katika chupa nzuri utasoma jina la kijiji, aina ya mmea, na jina la mzee aliyeipika. Watalii huvuka bahari, hupanda milima ya Oaxaca kwa magari mabovu, ili wainunue mlangoni kwake. Mgeni akija Bunia akauliza kuna kinywaji gani cha hapa, tunamletea bia ya Primus, na akionekana mtu wa maana tunamfungulia cha Uskochi.

Ndugu yangu mmoja mzee anaishi Brussels, karibu na mtaa wa Matonge. Ana kabati la chupa ambalo lingemtoa machozi shemeji yule. Nilipokuwa nakwenda kumtembelea nilimuuliza nimletee nini, akasema kaikpo, nusu chupa tu, ile inayopikwa pole. Sheria ya Ulaya inamruhusu msafiri kuingia na lita moja ya kinywaji kikali, kwa hiyo kiasi hakikuwa shida. Shida ilikuwa kwamba kinywaji chenyewe hakina lebo, hakina kipimo cha nguvu, hakina anwani, na ndege haikubali kupakia chupa ya maji yasiyojulikana ni nini. Nikampelekea samaki wakavu na kahawa. Pale Entebbe nilipita katikati ya rafu zinazong'aa, nikasoma majina ya mabonde ya Uskochi na vijiji vya Ufaransa, kila chupa ikijitambulisha kwa kwao, na binti wa dukani akinieleza kwa upole kila moja imelala miaka mingapi kwenye pipa la mwaloni. Mama wa kwetu angeielewa hadithi ile bila mkalimani.

Zamani, sokoni, mnunuzi aliuliza "ya nani?" kabla ya kuuliza bei, na muuzaji alitaja mama fulani, wa kijiji fulani, na jina hilo lilitosha kuongeza au kupunguza franga. Vijiji vile vingi vimechomwa moto au vimehamwa. Wapikaji wametawanyika katika makambi na mitaa ya mji, hawana shamba la mihogo wala mahali pa kuoteshea mahindi. Wengi sasa hutumia sukari na hamira, maana sukari haihitaji kungojwa. Mapipa ni ya chuma, na yalibeba nini kabla ya hapo usiulize. Juu ya yote zimekuja paketi ndogo za plastiki za pombe kali kutoka ng'ambo, zinazong'atwa pembeni na kumalizwa kwa mafunda mawili. Tanzania ilipiga marufuku viroba vyake mwaka 2017, na Uganda paketi zake mwaka 2019. Huku kwetu mifereji kandokando ya bulvari bado inaziba kwa plastiki.

Mama ana mabinti wawili. Mkubwa anauza vocha za simu, na moshi hautaki. Anasema unakaa kwenye nywele. Mdogo hukaa karibu na mama yake jioni, akisubiri kikopo cha bati kijae akiwashie moto wa chakula, lakini sijamwona akipewa viganja anuse. Nilipomuuliza mama kwa nini hamfundishi, alikuwa akizungusha bomba lake la shaba kwenye maji, akilitafuta tundu. Akasema bomba hili likitoboka hatapata lingine, litakalofuata ni la chuma, na la chuma halina haja ya kufundishwa. Halafu wakafika wanunuzi wawili, vijana, wakaweka kidumu chini, wakauliza bei.