Tuliogopa Nyama, Tukasahau Mbu

Mwanzoni mwa mwaka 2007, nilipokuwa nikifundisha Dodoma, niliacha kula nyama ya ng'ombe kwa muda wa miezi mitatu hivi. Dini yangu haikunikataza, wala daktari hakunishauri. Niliacha kwa sababu mtaa mzima uliacha. Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imeingia nchini, watu walikuwa wakifa, na redio iliutaja ugonjwa huo asubuhi, mchana na jioni. Jirani yangu mwenye bucha, ambaye kwa miaka mingi nilinunua kwake kilo moja kila Jumamosi, alishinda nyuma ya mzani wake akifukuza nzi. Siku moja nilipopita upande wa pili wa barabara aliniita kwa sauti: "Mwalimu, hata salamu siku hizi umeacha? Salamu haina homa!" Nilicheka kwa aibu, nikasema nina haraka, kisha nikaenda sokoni kununua kuku, ambaye bei yake ilikuwa ikipanda kila wiki.

Kabla masika hayajaisha, jirani yangu alifunga bucha. Hakulifungua tena. Aliuza mzani, akauza na kigogo cha kukatia nyama, akarudi kijijini kulima alizeti. Mimi nilirudia kula nyama mwezi Juni, nikinunua kwa mtu mwingine, kana kwamba hapakutokea jambo.

Tangu hapo nimeshuhudia hofu nyingine nyingi zikija na kuondoka, na kila zinapokuja humkumbuka yule bwana. Ndiyo maana nimeona niyaandike haya. Ni lawama, lakini nisingependa msomaji adhani kwamba nimepanda juu ya mti nikiwacheka walio chini. Mimi nami nilikuwa mmoja wao.

Kwanza niseme wazi kwamba ugonjwa ule haukuwa uzushi. Ulitambuliwa kisayansi mwaka 1931 katika kondoo karibu na ziwa Naivasha, Kenya, na tangu wakati huo umekuwa ukizuka baada ya mvua zisizo za kawaida. Mvua za El Niño zilileta mlipuko mkubwa Kenya na Somalia mwaka 1997 na 1998. Mvua za namna hiyo ziliponyesha tena mwishoni mwa mwaka 2006, ugonjwa ulianzia Garissa, na kufikia Januari 2007 ulikuwa Tanzania, ambako mkoa wetu wa Dodoma uliumizwa kuliko mikoa mingine. Kenya walikufa watu zaidi ya 150, na Tanzania zaidi ya 100. Hakuna haki ya kuwaita watu hao kelele za magazeti.

Swali langu ni jingine: walikufa kwa njia gani? Virusi vya homa hiyo huenezwa na mbu. Wapo mbu ambao mayai yao huweza kubeba virusi na kukaa katika udongo mkavu kwa miaka. Mvua kubwa ikifurika mabondeni, mayai huanguliwa, mbu wakawauma mifugo, na mifugo ikaanza kutupa mimba na kufa. Binadamu huupata kwa kuumwa na mbu, au kwa kushika damu, kondo na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuchuna au kumzalisha. Maziwa mabichi na damu mbichi nayo ni ya kuogopwa. Lakini nyama iliyokwisha kupikwa ikaiva barabara haina hatari hiyo. Kwa maneno mengine, waliokuwa hatarini walikuwa mfugaji aliyemsaidia kondoo wake kuzaa, kijana aliyechinja mbuzi aliyekuwa taabani ili nyama isipotee, na mama aliyesafisha utumbo wa mnyama huyo kwa mikono mitupu. Mimi, niliyekaa mezani mbele ya bakuli la mchuzi uliotokota saa nzima, nilikuwa mbali sana na foleni ya wagonjwa.

Hata hivyo mimi ndiye niliyeogopa, na hofu yangu ndiyo iliyosikika. Katika chumba cha walimu tulijadili nyama kila siku, na sikumbuki hata mara moja tulipomjadili mchungaji wa Mpwapwa au wa Kongwa kwa zaidi ya kumhesabu miongoni mwa waliokufa. Tulimfanya kuwa tarakimu ya kututisha sisi.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi. Nimesema kuwa mbu ndiye chanzo cha yote. Basi katika miezi ile mitatu, nyumba yangu, iliyokuwa ikilipa bei ya kuku bila kunung'unika, ilikuwa na chandarua kimoja kilichotoboka kiasi cha kupitisha shomoro. Kilikuwa kitandani mwa mjukuu wangu wa miaka mitatu. Mke wangu alinikumbusha mara mbili, nami nikajibu kwamba mambo ni mengi, tusubiri mwisho wa mwezi. Mwezi Aprili mtoto alipandwa na homa jioni. Kabla ya alfajiri aliingiwa na degedege. Tulimkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu ya kwinini, na kwa siku mbili tulikaa chini ya kitanda chake bila kujua kama tutarudi naye nyumbani. Malaria. Hakuna gazeti lililoandika habari yake, wala hapakuwa na sababu ya kuandika, kwani wodi nzima ilijaa watoto wa namna hiyo.

Alipona, Mungu ashukuriwe. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilipiga hesabu rahisi ambayo ningeipiga tangu Februari: fedha tulizoziongeza kwenye kitoweo kwa kukimbia hatari isiyokuwapo mezani petu zingenunua vyandarua vya kitanda kila kimoja, na chenji ikabaki. Mbu wa malaria na mbu wa ile homa si lazima wawe wa aina moja, lakini mtu anayesikia kwamba mbu anaua, kisha anakwenda kubadilisha kitoweo, huyo anahitaji kujiuliza hofu yake inampeleka wapi.

Nilisafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam wakati huohuo. Tuliposimama njiani, vijana walileta mishkaki madirishani kama kawaida yao. Hakuna aliyenunua. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alisema kwa uchungu, "Wanangu, mnataka kutuua?" Abiria wakamuunga mkono. Kisha basi liliondoka, dereva akaanza kuyapita malori kwenye kona bila kuona mbele, na abiria walewale, hakuna hata mmoja aliyefunga mkanda, wakaendelea kuzungumza juu ya hatari za nyama. Kijana wa nyuma akamhimiza dereva, "Kanyaga twende, suka!" Nami nilikuwa nimekaa kimya, nikila yai la kuchemsha.

Sidhani kwamba abiria wale walikuwa wajinga. Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mmarekani Paul Slovic alieleza katika jarida la Science mwaka 1987 kwamba watu wa kawaida hawaipimi hatari kwa idadi ya vifo peke yake, kama afanyavyo mtaalamu. Huangalia pia kama kifo chenyewe kinatisha, kama ni kitu kigeni kisichoonekana wala kueleweka, na kama mtu anajiona ana uwezo wa kukizuia. Homa inayomfanya mtu avuje damu ina sifa zote hizo. Ajali ya barabarani haina. Tumeizoea, na kila mmoja wetu huamini kwamba dereva wake anajua kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 barabara ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani. Na katika taarifa zake za mwaka 2023 na 2024, shirika hilohilo lilikadiria kuwa malaria ilikuwa bado ikiua zaidi ya watu 20,000 kwa mwaka katika Tanzania. Vifo hivyo havimtoi mtu usingizini. Mazoea yana tabu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tunaendelea kuikagua nguo ya jirani.

Lawama yangu ya pili inawahusu wenye kutangaza. Katika siku zile nilisikia mara nyingi idadi ya waliokufa, na mara chache sana nikasikia walikuwa wakifanya nini walipoambukizwa. Habari ya kifo isiyoeleza njia yake ni nusu ya habari, tena nusu ile isiyomsaidia mtu. Humwacha msikilizaji abuni njia mwenyewe, naye hubuni ile iliyo karibu naye, yaani sahani yake. Upande wa wakubwa nao walitoka mmoja baada ya mwingine kusema wananchi wasiwe na wasiwasi. Nimeishi miaka mingi katika nchi hii na sijaona maneno yanayoleta wasiwasi kuliko hayo. Mtu mzima hahitaji kutulizwa kama mtoto. Mwambie: usimchinje mnyama mgonjwa, usimguse aliyekufa, chemsha maziwa, ivisha nyama, lala ndani ya chandarua. Akishapata kazi ya kufanya, hofu yake itapungua yenyewe.

Tena kuna jambo la kuwatetea wananchi. Wataalamu walituambia tule nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Shauri jema. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na hadithi yake kuhusu mhuri. Mimi mwenyewe niliwahi kushuhudia, mahali ambapo sitapataja, mkaguzi akigonga mihuri huku akipiga soga na mgongo ameupa ile nyama. Mtu aliyeona hayo akikataa kuuamini mhuri, kosa si lake peke yake. Hofu ya umma mara nyingi ni deni la zamani. Uaminifu uliopotezwa katika siku za salama hudaiwa siku ya hatari, na anayelipa aghalabu ni mtu kama jirani yangu, aliyekuwa akikaguliwa kwa haki na kufunika nyama yake vizuri.

Msomaji anaweza kuhitimisha kwamba ninamwambia azicheke hofu zote. La hasha. Kizazi changu kilikwisha kulipia kicheko cha namna hiyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko waliuita Juliana, jina la aina ya nguo za magendo zilizopendwa wakati ule, na Waganda waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Huku kwetu vijana waliichukua herufi ya kwanza hadi ya mwisho ya neno AIDS wakatunga mzaha wa kusema acha iniue. Wengine walidai ni hila ya wazungu ya kutunyima starehe. Nilikuwa na rafiki, mwalimu mwenzangu, mtu mwenye akili nyingi na ulimi mkali, aliyekuwa hodari kuliko sote kwa kuubeza ugonjwa ule. Alikuwa akituuliza, nani kati yenu amemwona huyo mdudu? Tulimzika mwaka 1994. Kwa hiyo mbishi naye anaweza kukosea, na kosa lake halirekebishiki kirahisi kama la mtu aliyekula kuku miezi mitatu.

Nikiwaweka pamoja rafiki yangu huyo na mimi wa mwaka 2007, naona kwamba kosa letu lilikuwa moja, ingawa yeye alidharau na mimi nilitishika. Hakuna kati yetu aliyeuliza ugonjwa unapita wapi, na kama yeye mwenyewe amesimama katika njia hiyo. Yeye alikuwa amesimama katikati ya njia akicheka. Mimi nilikuwa pembeni kabisa nikipiga mayowe, na nyuma yangu mtoto alikuwa amelala katika njia nyingine ambayo sikugeuka kuitazama.

Siku hizi inapotokea hofu mpya hujiuliza hayo mawili kabla ya kubadilisha chochote nyumbani, na huongeza la tatu: nikikimbia, ni nani atakayeumia kwa kukimbia kwangu? Swali hili la tatu nilifundishwa na mwenye bucha. Nilikutana naye miaka kadhaa baadaye kwenye msiba, mvi zimemjaa, mikono imekuwa ya mkulima. Nilitaka kumwomba radhi, lakini sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye aliyeanza. Chakula kilipoletwa, wali na nyama, alinisogezea sahani akasema, "Karibu, Mwalimu. Hii imeiva."

Nilikula. Sikupata neno la kumjibu, na hadi leo sijalipata.