Mduara Unaoanzia Mutukula

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, jalada limepauka kwa jua la dirishani. Mzee alikuwa amelipiga mistari mitatu kwa rula, akapata safu nne: Entebbe, Kigali, Nairobi, Dar es Salaam. Kila Jumatatu jioni, mji ukianza kutulia, alichagua mji mmoja wa mbali, Guangzhou tuseme, au London, akaandika nauli ya kufika huko kutoka kila safu. Aliandika kwa penseli. Nilimuuliza kwa nini, maana kalamu mezani zilikuwa tele.

"Mwanangu, nauli ya ndege haiandikwi kwa wino," alinijibu. "Wino ni wa viza."

Alikuwa wakala wa tiketi mjini Bukoba, mwenye chumba kimoja cha mbele, meza, feni na kalenda. Nilimwendea kwa shida ya nyumbani. Binti wa shangazi yangu wa Kamachumu alikuwa amepata nafasi ya kusoma nje, ukoo ulikuwa umechanga, na nauli tuliyotajiwa na jamaa wa Dar ingemeza mchango wote na ng'ombe juu yake. Mzee hakushtuka, wala hakuahidi kitu. Aliniuliza tu, "Kwani lazima aanzie Dar?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari, wilayani Muleba. Kila mwaka nawachorea wanafunzi Ziwa Victoria na nchi zake tatu ubaoni. Swali hilo sikuwa nimewahi kujiuliza.

Tumezoea kuambiwa kwamba mkoa wetu wa Kagera uko pembeni, na sisi wenyewe tumelipokea neno hilo hadi likawa jina letu la pili. Ni kweli, Dar iko zaidi ya kilomita 1,300 kwa basi. Lakini Mutukula, mpakani na Uganda, ni kama kilomita 80 tu kutoka Bukoba mjini, na Kampala ni kama 300. Kwa barabara, Kampala iko karibu nasi kuliko Mwanza. Ukishika njia ya Rusumo unaelekea Kigali. Wazee wetu walilijua hili kabla ya zama za ndege, wakapeleka vijana wao chuo cha Makerere bila kuona kwamba wamewapeleka ng'ambo. Katika daftari la mzee pembe hiyohiyo ya ramani ilikuwa sebule yenye milango minne, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuona mlango upi uko wazi wiki hiyo. Wengi wetu tukitaka kusafiri tunaulizia tunakokwenda. Yeye aliulizia kwanza pa kuanzia.

Watu humwita mtu wa namna hii mjanja, au mwenye bahati. Siyakubali majina yote mawili. Bahati haikai daftarini miaka kumi na moja.

Anayepanda basi la Bukoba kwenda Mwanza anajua kuna kikomo cha nauli kilichowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na abiria wa kiti cha jirani kwa kawaida amelipa kama yeye. Ndege haiendi hivyo. Viti vya daraja la kawaida vinafanana kwa macho na kwa mgongo, lakini kwenye mtambo wa mauzo vimegawanywa mafungu, kila fungu na herufi yake, bei yake na masharti yake. Fungu la bei nafuu likiisha, linauzwa linalofuata. Kiti kikikosa mtu, fungu lililofungwa laweza kufunguliwa tena usiku, likafungwa kabla jogoo hajawika. Ndiyo maana aliyeketi dirishani anaweza kuwa amelipa nusu ya aliyeketi katikati, na wote wanakula wali uleule. Juu ya nauli kuna kodi na tozo za viwanja, ambazo hutofautiana mno kati ya nchi na nchi, kiasi kwamba nauli ndogo inayoanzia pasipofaa hukutoka mfukoni ikiwa kubwa. Mzee hakuandika kamwe nauli peke yake. Aliandika jumla ya mwisho, begi la kilo 23 likiwemo, na basi la kufika uwanjani likiwemo.

Na alikuwa na kalenda ya sikukuu za watu wengine. Sisi tunaijua Desemba yetu, Wahaya wa Dar wanaporudi nyumbani na mabasi yanajaa hadi mlangoni. Yeye alijua kila njia ina Desemba yake. Njia za Uarabuni hupanda wakati wa hija. Za China hupanda mwaka wao mpya unapokaribia. Ulaya hujaa Julai na Agosti shule zao zikifungwa. Aliyaandika hayo pembeni mwa kurasa kwa herufi ndogo, akasubiri kati ya msimu na msimu, kama wavuvi wa Kemondo wanavyousubiri upepo ulale. Ile imani kwamba nauli ni nafuu ukinunua Jumanne usiku hakuitilia maanani.

Mwaka mmoja nilijiona nimefuzu ufundi wake. Nilikuwa na safari yangu ya Asia, nikanunua mwenyewe kwa simu, bando likiwa linakaribia kwisha, tiketi mbili za mashirika mawili tofauti: ya kwanza Entebbe hadi mji mmoja wa Ghuba, ya pili kutoka hapo kuendelea mbele, katikati muda wa saa tatu. Zikijumlishwa zilikuwa chini ya bei yoyote daftarini. Ndege ya kwanza ikachelewa kwa muda wa saa tano. Nilipofika, ya pili ilikwisha ondoka, na kaunta wakaniambia kwa upole kabisa kwamba kwao mimi ni abiria ambaye hakutokea. Nililala siku mbili kwenye viti vya chuma, kichwa juu ya begi, kisha nikanunua tiketi ya siku hiyo kwa bei ambayo hadi leo sijaitaja nyumbani. Niliporudi nikamsimulia mzee. Hakunikaripia. Alisema, "Tiketi mbili hazijuani, mwalimu." Akanieleza kwamba safari ikiandikwa kwenye tiketi moja, mzigo wa kuchelewa wanaubeba wenye ndege na watakutafutia nyingine, lakini ukiunga mwenyewe mbili zisizojuana, umejifanya shirika la ndege bila kuwa na ndege. Akachukua penseli, akaongeza sharti jipya nyuma ya jalada: tiketi zisizojuana, kati yake usiku mmoja.

Ilikuwa siku hiyo, nadhani kwa kunipoza, alipofungua ukurasa wa katikati, penye pini, akanionyesha kitu ambacho hakuwa anakiuza kwa mtu yeyote: duara kubwa lililochorwa kwa kuzungushia sahani.

Tiketi ya kuzunguka dunia si jambo geni. Shirika la Pan Am lilianza safari zake za kuizunguka dunia kwa ratiba mwaka 1947. Siku hizi zinauzwa na miungano ya mashirika, na kila muungano una kanuni zake. Star Alliance, ulioundwa mwaka 1997, hupima kwa maili. Ngazi zake zinazojulikana sana ni 29,000, 34,000 na 39,000. Oneworld wana tiketi inayohesabu mabara unayokanyaga. Lakini mifupa ni ileile: unakwenda upande mmoja tu, mashariki au magharibi, unavuka Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja, ndege hazizidi 16, unamaliza nchi uliyoanzia, ndani ya mwaka. Na bei, hapa mzee aligonga meza kwa kidole, bei inategemea nchi unayoanzia. Duara lilelile, ndege zilezile, viti vilevile, ukilianza nchi nyingine linabadilika thamani. Swali aliloniuliza siku ya kwanza kuhusu binti wa shangazi ndilo hilo hilo lililoshikilia dunia nzima.

Nilizifuata herufi zake ndogo kuzunguka sahani. Entebbe hadi Addis Ababa, kisha Singapore, kwa Ethiopian. Singapore hadi Tokyo kwa ANA. Tokyo hadi Vancouver, Vancouver hadi Montreal, Montreal hadi Brussels kwa Air Canada. Brussels hadi Entebbe kwa Brussels Airlines. Wote hao ni wa muungano mmoja. Nilijumlisha maili kwa kalamu yangu ya kusahihishia, zikaja karibu 23,000, ndani kabisa ya ngazi ya chini. Nilimuuliza mbona hakupita Marekani, na huko ndiko watu wanakotamani. Akaniambia nihesabu viza badala ya maili.

Hapa ndipo ufundi wa Bukoba unapoachana na ufundi wa wenzetu wa nchi tajiri. Wao wakitafuta nauli nafuu wanatafuta nauli. Mwenye pasipoti ya Tanzania anatafuta vitu viwili kwa pamoja, na cha pili ni kigumu kuliko cha kwanza. Uganda unaingia kama mwana wa Afrika Mashariki, ilimradi kadi ya chanjo ya homa ya manjano iko ndani ya pasipoti. Singapore tunaingia bila viza kwa ziara fupi. Halafu inakuja Japani, inakuja Kanada, inakuja Ubelgiji na viza yake ya Schengen, ambayo tangu mwaka 2024 ada yake ni euro 90, wakupe wasikupe. Kila nchi unayoiongeza kwenye duara inaongeza ada, picha, taarifa ya benki, safari ya Dar au Nairobi kwenda kuweka vidole, na wiki za kusubiri. Marekani ingekuwa ya nne, na kwenye ramani Kanada ilitosha kuunganisha bahari mbili. Niliona wakati ule kwamba mstari ule mwembamba wa penseli, unaoikwepa nchi moja na kuigusa nyingine, ulikuwa umefikiriwa kwa miezi.

Nikaikumbuka MV Victoria ya ziwani kwetu. Wanafunzi wangu wakilala bweni la karibu na ziwa huitambua honi yake, ila wachache wanajua kwamba haikuja kama meli. Iliundwa Glasgow, Scotland, ikafunguliwa vipande, vikasafirishwa hadi Mombasa, vikapanda reli hadi Kisumu, na huko ikaungwa upya, ikaingia kazini mwaka 1961. Ilipokarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina jipya ilikuwa bado ni vipande vilevile vilivyovuka bahari, vimeshikana. Mzee alikuwa akifanya hivyo kwa karatasi. Vipande vya mashirika manne vilikuja mbele yake vimetawanyika, naye akavitazama hadi vikawa kitu kimoja kinachoelea.

Sitaki nionekane nasifu bei ndogo kwa kuwa ni ndogo. Huku kwetu hakuna anayeweza. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wetu. Novemba 6, 2022 ndege ilitua ziwani badala ya uwanjani, hapa hapa Bukoba, wakafariki 19, na wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Hakuna ukoo usiojua mtu. Mzee aliuza tiketi katika mji huo. Mteja akimwambia naogopa ndege, nipangie basi, hakumbembeleza wala kumfafanulia takwimu. Alifungua ukurasa wa mabasi na kuanza kazi upya kwa uangalifu uleule. Akijua mama mzee anasafiri peke yake hakumpa njia ya kubadili ndege mara mbili, hata ikipungua laki tatu. Alisema, "Huyu ananunua kufika." Nafikiri hapo ndipo alipo fundi: anajua bei ya kila kitu, na anajua ni abiria yupi asiyepaswa kupewa ile ya chini.

Binti wa shangazi alisafiri kwa njia ya Entebbe. Mchango ulibaki, ukanunua koti. Asubuhi ya kuondoka shangazi alimwekea mkobani kahawa ya kutafuna, punje zimefungwa kwenye kipande cha jani kavu la mgomba, na senene wa kukaanga ndani ya chupa ya plastiki. Tulimsindikiza hadi Mutukula, tukamwona akipita dirisha la Uhamiaji. Baada ya Masaka, pale Kayabwe, basi lake lilivuka ikweta, na akanitumia picha ya ule mduara wa saruji kando ya barabara. Kabla hajaona ndege alikuwa amekwisha hama nusu ya dunia kwenda nusu nyingine.

Mwaka jana mzee alifunga chumba, macho hayamtoshi tena kwa skrini. Aliniita, akanikabidhi daftari. Nimelikagua mara nyingi tangu hapo, na juzi tu ndipo nilipoona jambo kwenye ukurasa wa duara. Ndege zote saba zimeandikwa kwa penseli, zikafutwa, zikaandikwa tena, hadi karatasi imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Lakini chini ya duara kuna mistari miwili ya wino, na kwa jinsi wino ulivyofifia ndiyo iliyotangulia kuandikwa ukurasani, kabla hata ya sahani kuzungushiwa: Kampala–Mutukula, basi la asubuhi. Mutukula–Bukoba, kufika kabla ya giza.